Oda ya katoni 2,400 ya Kalemie: shemeji anaitaka, mi naogopa kuweka nyumba

Shikamoo Mama Mkubwa,

Samahani barua itakuwa ndefu, naandika usiku watoto wamelala na kichwa hakitulii.

Niko Kigoma, nina miaka 43, mjane. Mimi na marehemu mume wangu tulianza kupika sabuni 2014 uani kwetu, pipa moja, kuni, na mwiko mrefu kama kasia. Mawese tunanunua kwa wamama wa Ujiji, mise, yale mafuta ya kokwa za michikichi, tunachanganya kidogo kwa ajili ya povu, kostiki soda inatoka Dar. Leo tuna banda letu, mashine moja ya kukatia miche, na wafanyakazi 14, karibu wote wamama. Watu wanakiita kiwanda, mi bado nakiita banda. Mume wangu alifariki 2021 kwa ugonjwa, tangu hapo naendesha mimi pamoja na mdogo wake, shemeji yangu, ana theluthi ya hisa. Yeye ndo anazunguka na wateja, anapanda maboti, anajua Uvira na Kalemie huko Kongo kama anavyojua Mwanga sokoni. Mi nakaa na daftari.

Sasa mkasa wenyewe. Nusu ya sabuni yetu inavuka ziwa Tanganyika kwenda Kongo. Mteja mkubwa ni mzee mmoja wa Uvira tunamwita Papa, tumefanya nae kazi toka enzi za mume wangu. Mwezi wa 11 mwaka 2025 nilimpelekea katoni 800, kila katoni 23,000, jumla milioni 18.4, kwa mkopo wa mwezi mmoja kama kawaida yetu. Tarehe 10 Desemba waasi wakaingia Uvira. Simu ya Papa ikazimika. Wiki saba Mama Mkubwa, wiki saba sijui kama yuko hai au kafa, na mi hapa nina wamama 14 wanasubiri mshahara. Nikajisemea basi, nimeliwa. Afu siku moja namba ngeni inapiga, ni yeye, yuko Kalemie, kakimbia na familia, ananiambia "Mama, niko muzima, deni yako naijuwa, franga itakuya." Baada ya siku kumi akatuma mtu na boti na milioni 9. Bado 9.4.

Wiki mbili zilizopita kapiga tena. Kafungua duka Kalemie, anasema mji umejaa watu na sabuni haitoshi, anataka katoni 2,400 kwa mkupuo mmoja. Oda ya kawaida kwetu ni 600. Atatoa asilimia 30 mwanzo, zinazobaki baada ya siku 60. Deni la zamani anasema tulijumuishe humohumo. Na kaomba invoisi mbili, moja ya ukweli ya kwetu sisi, nyingine ya chini ya kuonyesha forodha upande wake. Bei ataandika kwa dola.

Shemeji anaruka ruka kwa furaha. Anasema hii ndo oda ya kututoa bandani, tukikataa kuna watu watapeleka kesho, Kongo iko EAC, Jumuiya ya Afrika Mashariki, toka 2022 kwa hiyo ushuru si shida, tunachotakiwa ni cheti cha uasilia tu, ile karatasi ya kuthibitisha sabuni imetengenezwa huku kwetu. Nimepiga hesabu, kupika mzigo wote ni kama milioni 46, faida inaweza kufika 9. Advansi ni milioni 16 na nusu, kwa hiyo tunahitaji mkopo wa milioni 30 benki, na dhamana ambayo wataikubali ni nyumba. Nyumba ninayolala na watoto watatu, mkubwa yuko kidato cha tano. Hati bado ina jina la marehemu, mi ni msimamizi wa mirathi. Shemeji anasema hilo ni suala la saini tu.

Mi naogopa. Nimeshaungua 2022, Indonesia walivyofunga kuuza mafuta nje mwezi wa nne, nilikuwa nimeshakubaliana bei ya miezi mitatu na wateja, dumu la mawese likapanda mpaka nikalia, nikapika sabuni kwa hasara nikiwa natabasamu. Kostiki nayo, mwezi wa 9 nilinunua mfuko wa kilo 25 kwa 62,000, sasa naambiwa 81,000, na oda hii inataka mifuko kama 80. Nikimwambia shemeji ananijibu "shemeji we unaogopa maji hata hujapanda boti." Juzi kaniambia mbele ya wafanyakazi kwamba kaka yake angekuwa hai angeshasaini. Liliniuma sana hilo.

Kuna jambo jingine sijamwambia mtu. Wakati Papa amepotea nilikopa milioni 6 kikoba ili nilipe mishahara na ninunue kostiki. Shemeji hajui. Natakiwa kurejesha mwezi wa sita.

Nikatae tu tubaki kuuzia Kasulu na Tabora, tule kidogo tulale usingizi? Au nimwachie shemeji aendeshe upande wa nje na mi nijitoe? Nimechoka kuwa mwoga wa familia.

Mama wa Sabuni, Kigoma

---

Marahaba mwanangu, na pole. Pole ya mume wako kwanza, maana naona hata baada ya miaka yote hii watu wanamtumia kama fimbo ya kukuchapia, na hilo ntalirudia.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliisoma kama mama, nikataka kukwambia kataa, funga daftari, lala. Mara ya pili nikachukua kalamu nikaanza kupiga hesabu zako, na hapo nikaona mambo ambayo wewe mwenyewe umeyaandika lakini sidhani kama umeyasikia. Ngoja nikurudishie nilichokielewa, nikikosea utaniambia. Una oda mara nne ya uliyoizoea, mteja ni mtu mliyejuana nae miaka lakini ana deni lako la milioni 9.4, vita imemhamisha mji, malipo ni kwa dola baada ya siku 60, mkopo unataka nyumba ya mirathi, mshirika wako anaona woga wako ndo tatizo, na katikati una deni la kikoba unalibeba peke yako gizani. Sasa hapo sidhani tunazungumzia woga wa mtu.

Nianze na hilo la kurudi Kasulu na Tabora ili ulale. Nakuelewa kabisa. Ila nikuulize, ule usiku uliolia 2022, sabuni zile ulikuwa unamuuzia nani? Hata kama zote zingekuwa za Kasulu ungelia vilevile. Serikali ya Indonesia ilifunga tarehe 28 Aprili ikafungua 23 Mei, hata mwezi haukutimia, na wewe uko Kigoma unapika mawese ya Ujiji, hujawahi kumuona Mwindonesia, lakini bei ilikufuata mpaka uani kwako. Kwa sababu Indonesia na Malaysia ndo wenye sehemu kubwa kabisa ya mawese ya dunia, na huko kukikatika kila mwenye kiwanda cha mafuta anatafuta pengine, dumu lako nalo linapanda. Kostiki ndo usiseme, kila kilo 100 za mawese zinataka kama kilo 14 za soda, mise inakula zaidi, zinafika 17 au 18, na hiyo soda haichimbwi Kasulu, ni ya kuagizwa na inalipiwa kwa dola. Yaani mwanangu biashara ya nje imo ndani ya sufuria yako kabla hujapakia hata katoni moja kwenye boti la Kibirizi. Ukikataa oda ya Papa unakuwa umeondoa hatari ya upande wa kuuza. Ile ya kununua inabaki palepale, na safari hii huna dola zinazoingia za kuipoza. Sikwambii kwa hiyo ukubali. Nakwambia tu usikatae kwa kudhani huko nyuma kuna ukuta.

Sasa hesabu. Umesema faida inaweza kufika milioni 9. Swali langu, hiyo 9 uliipata kwa kostiki ya bei ipi, ya mwezi wa tisa au ya sasa? Maana tofauti ya 62,000 na 81,000 ni 19,000, mara mifuko 80 ni milioni moja na nusu na ushee. Kama ulitumia bei ya zamani basi 9 imeshakuwa 7.5. Afu dola. Mwaka 2025 wote tuliona shilingi ilivyocheza, mwezi wa tano dola ilikuwa kwenye 2,700 hivi, ikifika Oktoba iko kwenye 2,450, watu wakashangilia kwamba shilingi ina nguvu, ni kweli, lakini aliyekuwa anadai dola kumi elfu nje alipoteza kama milioni mbili na nusu bila kuibiwa na mtu. Wewe utakuwa unadai asilimia 70 ya mzigo, hiyo ni kama milioni 38 na nusu, kwa siku 60. Dola ikishuka asilimia 5 tu, imeondoka karibu milioni 2. Tuko 5.5. Na riba ya benki hujanitajia kabisa, na mi nakuuliza kwa herufi kubwa, RIBA NI NGAPI, na siku 60 zikipitiliza zikawa 120, kama ule mwezi mmoja wa Uvira ulivyopitiliza, inakuwa ngapi? Na wakati kostiki inapanda dola ilikuwa imeshuka, kwa hiyo usije ukategemea kwamba upande mmoja utakuokoa na mwingine, wakati mwingine vyote viwili vinakugeuka siku moja.

Naomba hesabu hiyo uipige upya na uiandike kwenye karatasi moja, sio kichwani. Sio kwa ajili ya kumshinda shemeji. Ni kwa sababu nyie wawili mnagombana kuhusu moyo, nani jasiri nani mwoga, wakati namba hazijakaa mezani. Na haziwezi kukaa mezani kwa sababu moja umeificha wewe mwenyewe.

Mwanangu, lile la kikoba. Sikulaumu, wamama 14 wangekosa mshahara sijui ungefanya nini, na naamini ulifanya lililokuwa karibu na mkono. Lakini fikiria shemeji yako anavyoiona hali. Kwake yeye Papa alipotea, akarudi, kiwanda hakikusimama hata siku moja. Kwa hiyo hasara ya Uvira kwake ni hadithi iliyoisha vizuri. Hajui kwamba haikusimama kwa sababu wewe ulijitwisha milioni 6. Anapokuona unatetemeka anaona mwanamke anaogopa maji, kumbe anachokiona ni mtu aliyelipa gharama ya safari iliyopita akanyamaza. Kumwambia habari ya kikoba kuna hatari yake, nisikufiche, anaweza kukasirika, anaweza kusema unamficha mambo ya kampuni, na kwenye hilo atakuwa na haki kidogo maana ana theluthi yake. Anaweza hata kuitumia kudai yeye ndo aendeshe. Ila usipomwambia, mwezi wa sita unakuja, kikoba hawasubiri boti, na utakuwa unatafuta hela ya siri katikati ya mkopo wa benki wa wazi. Sijui ni lipi zito zaidi kwako, we ndo unamjua.

Kuhusu yeye kusema kaka yake angesaini, tena mbele ya wafanyakazi, hilo ni kosa na unaweza kumwambia ni kosa bila kusubiri mambo ya oda yaishe. Marehemu hasaini. Nikiri hapa sina ushauri wa busara sana, mi ningemwita pembeni nikamwambia shemeji, ukinisema nisemee ndani. Basi.

Tuje kwa Papa. Katika barua yako uliandika "nimeliwa". Afu mistari miwili chini yake uliandika mtu aliyekimbia vita na familia yake, akiwa hana duka, kabla hujamdai kwa polisi wala kwa mtu, akatuma milioni 9 kwa boti. Nimeona watu wana maduka yenye viyoyozi na hawalipi. Kwa hiyo nadhani ni vizuri utenganishe vitu viwili ambavyo umevifunga fundo moja, uaminifu wa Papa na usalama wa mahali Papa alipo. Inawezekana kabisa Papa ni mwaminifu na bado hela yako isirudi, maana Januari 2025 ilikuwa Goma, Februari Bukavu, Desemba Uvira, na hakuna hata mmoja wa wafanyabiashara wa kule aliyeombwa ruhusa. Ukimdai dhamana kubwa usijisikie unamtukana. Na yeye mwambie hivyohivyo, Papa, wewe nakuamini, njia ndo siiamini.

Ila hili la invoisi mbili linanisumbua kuliko hata nyumba. Najua watu wa mpakani watasema Mama Mkubwa acha ushamba, kila mtu anafanya. Sawa. Lakini fikiria, boti likizama, au Papa akifariki Mungu apishe mbali na mwanae akachukua duka, ushahidi wako wa deni ni nini? Ni karatasi. Na karatasi iliyogongwa mihuri ya forodha pande zote mbili itakuwa inasema unadai kidogo. Bima ya mzigo, kama mtakata, inalipa kilichoandikwa, hailipi kilichokuwa moyoni. Mkopo benki utaombea mkataba wa kiasi kimoja na nyaraka za kusafirisha zitasoma kiasi kingine. Ushuru anaotaka kuukwepa ni wa kwake, lakini jina litakalokuwa juu ya karatasi ya uongo ni lako. Hapo ningeomba umuulize tu, Papa kwani ukionyesha bei ya kweli unalipa nini na nini? Huenda hata hajui. Shemeji yuko sahihi kwamba Kongo ilijiunga na Jumuiya 2022, na sabuni iliyopikwa kwa mawese na mise ya Kigoma ina hoja nzuri sana ya kuitwa ya hapa nyumbani, nzuri kuliko ya mtu anayeagiza vipande vya sabuni kutoka Asia akavikata na kuvipaka rangi. Weka risiti za wale wamama wa Ujiji, hata za kuandikwa kwa mkono, maana siku ukiulizwa mafuta yametoka wapi ndo jibu lako. Lakini kujiunga kwenye karatasi na kinachodaiwa gatini ni vitu viwili, kuna ukaguzi wa ubora wa OCC upande wao, kuna forodha yao DGDA, kuna ada ndogondogo. Kabla ya kupika mche mmoja, mtume shemeji au wakala mnayemwamini alete orodha ya gharama zote za Kalemie, sio za Uvira mlizozizoea. Ni kazi anayoiweza kuliko wewe, na akiifanya atakuwa ameleta kitu mezani badala ya maneno. Na ile cheti rahisi ya Jumuiya ya mizigo midogo inaishia dola 2,000, kwa hiyo hata katoni 600 haziingii humo, msidanganywe na mtu wa gatini.

Sasa angalia kitu ambacho kilinifanya nikae wima kwenye kiti. Fungu la katoni 600, ile saizi mliyoizoea, linapikwa kwa kama milioni 11 na nusu, nimegawa 46 kwa nne. Thamani yake ni 13.8. Asilimia 30 ya hiyo ni milioni 4.1. Papa anadaiwa 9.4. Ukijumlisha unapata 13.5. Umeona? Kama Papa angelipa deni la zamani kwanza na kutoa advansi ya fungu la kwanza tu, sufuria ingewaka bila benki, bila hati, bila marehemu kuamshwa. Yaani mtaji unaoutafuta benki uko Kalemie kwenye mfuko wa mtu aliyekwambia "tujumuishe humohumo". Hilo neno la kujumuisha lilipita haraka kwenye barua yako lakini ndo lenye bei, maana deni la zamani likiingizwa kwenye deni jipya linakuwa halina tarehe tena.

Hiyo ni njia moja, kugawa mzigo mafungu manne, la pili halipandi boti mpaka la kwanza limelipwa. Ina ubaya wake. Papa anaweza kuwa kweli hana hiyo 9.4, imeshaingia kwenye mbao na mabati ya duka, na ukimbana atatafuta sabuni kwa mwingine na deni la zamani nalo litachelewa kwa hasira. Shemeji ataona unambania. Usafiri wa mara nne ni ghali kuliko wa mara moja. Na kama mji kweli una njaa ya sabuni sasa hivi, miezi minne mbele huenda wengine wameshajaza. Inaweza pia kuwa mafungu mawili sio manne, au deni la zamani lilipwe nusu kwanza, hapo mnaongea kibiashara, lakini angalau mnaongea mkiwa na namba.

Njia nyingine ni kuchukua oda yote lakini kubadilisha masharti. Advansi asilimia 50 badala ya 30. Mzigo uhesabike ni wa kwake ukishapakiwa Kibirizi, wenye meli wanaita efuobii, ziwa likichafuka ni ziwa lake na bima ni yake. Bei iwe na muda, niliyokupa inadumu siku 14, kostiki ikivuka kiwango fulani tunakaa tena, usirudie ile ya miezi mitatu. Ununue kostiki ya oda nzima siku unayopokea advansi ili bei isikukimbie, ila uwe na pa kuihifadhi, maana unajua mwenyewe inavyonyonya unyevunyevu, mfuko ukivuja unabaki na jiwe. Zipo pia barua za dhamana za benki, benki yake inaahidi benki yako kulipa nyaraka zikifika, lakini zina gharama, na kwa mtu aliyehamia mji juzi kwa kukimbia vita sioni benki ikimwandikia upesi, nimezitaja tu ili usiambiwe na mtu kwamba hukuzijua.

Kukataa nako ni njia, usione aibu. Kuna Kasulu, kuna Tabora, kuna mashirika yanayonunua sabuni kwa ajili ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kwa tenda, huko hela haivuki ziwa. Ila tenda nazo hulipa kwa kuchelewa na wanataka alama ya ubora ya TBS na makaratasi mengi. Bujumbura iko karibu lakini mafuta ya gari na dola kwao vimekuwa shida ya muda mrefu, faranga utakayopewa utaibadilisha wapi. Na kukataa kunaweza kumfanya shemeji atoke na theluthi yake akafungue banda lake mtaa wa pili, na wateja wote wa ng'ambo wanamjua yeye.

Hilo la kujitoa ukamwachia yeye upande wa nje, niulize kitu. Ukimwachia, nyumba itakuwa bado ndo dhamana? Kama ndio, basi hujajitoa, umetoka tu kwenye kiti cha dereva ukabaki ndani ya gari.

Na nyumba yenyewe. "Suala la saini tu" sio kweli. Msimamizi wa mirathi sio mwenye mali, ni mtunzaji, na wanao watatu ni warithi kama wewe ulivyo. Kuweka nyumba ya mirathi rehani kwa ajili ya biashara ambayo theluthi yake ni ya mtu mwingine ni jambo ambalo mtoto wako wa kidato cha tano anaweza kuja kukuuliza akiwa na miaka 25, na atakuwa na haki ya kuuliza. Kabla ya saini yoyote nenda kwa mwanasheria, hata wa msaada wa kisheria, na hiyo barua ya usimamizi mkononi. Na muulize shemeji, kwa upole, yeye kwenye mkopo huu anaweka nini? Ana kiwanja? Ana pikipiki? Mtu mwenye theluthi ya faida awe na theluthi ya usiku wa kukosa usingizi. Jibu lake litakufundisha mengi, anaweza akakushangaza kwa uzuri pia, usimhukumu kabla.

Umeandika umechoka kuwa mwoga wa familia. Mtu aliyezika mume, akalipa mishahara 14 katikati ya vita ya watu wengine, na bado anajua mfuko wa kostiki ulikuwa shilingi ngapi mwezi wa tisa, mi simwiti mwoga. Lakini hata ukiwa unaogopa kweli, hofu yako ina namba ndani yake, ukizitoa utajua ipi ni ya biashara na ipi ni ya kumkosa mtu wa kukaa nae hapo usiku.

Papa kakupa muda gani wa kujibu? Hukuandika. Kama ni mwisho wa mwezi una wiki kadhaa, kama ni kesho mwambie Papa subiri, katoka Uvira akiwa na roho yake tu, siku tano hazitamuua. Niandikie ukishakaa na shemeji, hasa uniambie alisema nini ulipomtajia kikoba. Na kama kuna mtu anapanda treni kuja Dar, nifungie mche mmoja wenye mise nyingi, huku wanatuuzia sabuni zinazoisha kabla nguo haijalowa.

Mama Mkubwa